Siri ya Mgonjwa Katika Simu ya Jirani



Wasomaji wetu watukufu, kina mama kwa kina baba, juma hili nimeona niyaweke kando yale mambo ya mirathi tuliyokuwa nayo, tutayarudia inshaAllah, ili nijibu swali ambalo limenifikia kwa njia zaidi ya moja. Limeulizwa katika darsa la akina mama, limekuja kwa barua, na mzee mmoja akanisimamisha nalo baada ya sala ya laasiri kabla sijavaa viatu.

Swali ni hili. Jirani yetu, mama tunayemjua kwa jina na ukoo, siku hizi hupita nyumba kwa nyumba akiwa na begi na simu. Hupiga hodi, hukaribishwa, hukaa, kisha huanza kuuliza. Mna watu wangapi humu ndani? Nani mjamzito, na mimba ina miezi mingapi? Nani anayekohoa zaidi ya wiki mbili? Mtoto amemaliza chanjo? Mnatumia njia gani ya kupanga uzazi? Choo mnacho? Kila jibu hulibonyeza kwenye simu. Je, inafaa kumjibu? Na hayo tunayomwambia yanakwenda wapi?

Mzee wangu wa laasiri yeye hakuuliza, alitoa hukumu. Akasema, "Sheikh, hawa ndio mumiani wa kisasa. Yule wa zamani alitaka damu, huyu wa leo anataka habari."

Sitamcheka. Sisi tuliolelewa katika miji hii ya pwani tulikatazwa kutoka nje usiku kwa hofu ya mumiani, na hofu ile, pamoja na uzushi wake, ilikuwa na chembe ya akili ndani yake: mtu mgeni akichukua kitu kutoka mwilini mwako bila ya kukueleza atakifanyia nini, una haki ya kushuku. Lakini shuku isitangulie ujuzi. Tumjue kwanza anayepiga hodi.

Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua kundi la wahamasishaji wa afya ya jamii, watu wapatao 100,000 nchi nzima. Kila mmoja hupewa takriban nyumba 100 za kuangalia. Ujira wao si mshahara, ni posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti, na kama mjuavyo, haifiki kwa wakati kila mwezi. Mitaani kwetu wengi wao ni wanawake. Ndani ya lile begi mna mashine ya kupimia presha, kifaa cha kupima sukari, kipimajoto, mizani, na ule utepe wa rangi unaozungushwa mkononi mwa mtoto kujua kama ana utapiamlo. Na simu.

Kabla ya simu palikuwa na madaftari. Mhudumu alijaza rejista ya nyumba iitwayo MOH 513, akaandika shughuli zake katika MOH 514, na mwisho wa mwezi afisa aliyemsimamia akajumlisha kwa mkono katika fomu ya MOH 515. Hesabu hiyo ilipofika kaunti, mtoto aliyekuwa akiharisha mwanzo wa mwezi alikuwa ama amepona ama amezikwa. Karatasi iliwaambia wakubwa ni watoto wangapi walioharisha. Haikumwambia mtu yeyote arudi nyumba ya tatu kulia kesho asubuhi.

Hapo ndipo simu ilipoleta tofauti, na ni haki tuiseme. Programu iliyomo, iliyojengwa juu ya mfumo wa wazi ambao hata nchi nyingine huutumia, hufanya kazi hata pasipo na mtandao. Mhudumu huandika akiwa ndani kabisa vijijini, na habari husafiri baadaye akifika penye mawimbi. Akiandikisha mama mjamzito, simu yenyewe humpangia siku za kumzuru. Akibonyeza kwamba mama anaumwa na kichwa sana na miguu imevimba, humtaka ampime presha na ampeleke kituoni. Mtoto akirufaiwa, simu humkumbusha mhudumu arudi kuuliza: je, mlikwenda? Mambo hayo nyanya zetu wakunga waliyabeba vichwani, Mwenyezi Mungu awarehemu, na waliyabeba vizuri. Lakini hakuna kichwa kinachobeba nyumba 100 bila ya kusahau moja.

Na kuandika habari za wagonjwa si jambo la kuja juzi, wala si la Wazungu peke yao. Abubakar Muhammad bin Zakariyya Arrazi, tabibu wa Rayy na Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika hali za wagonjwa wake mmoja mmoja: alikujaje, alipewa nini, akapona au hakupona. Wanafunzi wake waliyakusanya maandishi hayo baada ya kufa kwake yakawa kitabu Alhawi, na Ulaya ikakisoma kwa kutafsiriwa Kilatini.

Faida ya kuhesabu tunayo mfano wake hapa hapa pwani, na nastaajabu kwamba ni wachache wanaoujua. Tangu mwaka 2000, watafiti wa KEMRI na wenzao wa Wellcome Trust wamekuwa wakiandikisha wakazi wa eneo la kilomita 891 za mraba kuizunguka hospitali ya Kilifi, watu zaidi ya robo milioni. Wafanyakazi wao hupita majumbani kila baada ya miezi kadhaa kuuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, nani kahamia. Habari hizo huunganishwa na za watoto wanaolazwa hospitalini. Mwaka 2001 nchi yetu ilipoanza kuwapa watoto chanjo ya kijidudu kiitwacho Hib, kinacholeta uti wa mgongo na nimonia kali, ni hesabu ya Kilifi iliyoonyesha kwamba katika miaka mitatu ugonjwa huo ulipungua kwa asilimia 88 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Ikaja chanjo nyingine ya nimonia mwaka 2011. Hesabu ikaonyesha kwamba maradhi makali ya zile aina za kijidudu zilizomo ndani ya chanjo yalipungua kwa asilimia 92. Mama anayesitasita kumpeleka mwanawe chanjo, jibu lake limo katika nambari hizo, nazo zimetoka kwa majirani zetu wa Kilifi waliokubali kuulizwa. Hazikutoka mbinguni, wala hazikutoka Ulaya.

Kwa hivyo jibu langu la kwanza ni ndiyo. Mjibuni, na mseme kweli. Anayemficha mhudumu kikohozi cha kifua kikuu hajiweki yeye tu hatarini, anawaweka watoto wanaolala naye chumba kimoja. Na wale wanaochelea kwamba kumtaja mgonjwa kwa mhudumu ni kusengenya, Imamu Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa jambo asilolipenda, na miongoni mwazo ni kutaka fatwa na kuwatahadharisha watu na madhara. Kumweleza tabibu ili atibu kumo humo. Mhudumu akiwa mwanamume na mambo ni ya ndani ya wanawake, muulize kama yuko mwenzake wa kike, au akae nawe mahrim wako. Hilo halina ugumu, na wao wenyewe wamelizoea.

Jibu la pili lina masharti, na hapa ndipo namwelewa mzee wangu.

Daftari likipotea, huokotwa na mtu mmoja. Habari zilizomo katika mashine huweza kunakiliwa mara elfu, zikafika mahali ambapo aliyezitoa hatapajua maisha yake yote. Na ugonjwa si kama habari nyingine. Namba ya siri ikijulikana huibadilisha kesho. Ikijulikana kwamba binti fulani ana kifafa, au kwamba mke wa fulani ana virusi vya ukimwi, hakuna cha kubadilisha. Posa hukatika, talaka huandikwa, mtoto hukaa peke yake darasani.

Wala sisemi la kuwaziwa. Februari 2015 ilitolewa amri kutoka kwa Rais wa wakati huo kwamba maafisa wa utawala wakusanye habari za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi, pamoja na walezi wao, na habari za mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, wapate dawa na huduma. Lakini hebu fikirini orodha kama hiyo mkononi mwa chifu, halafu mkononi mwa karani wake. Shirika la KELIN na wenziwe walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba amri ile ilivunja katiba, ikaagiza majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa alama, yasiweze kumfichua mtu. Kifungu cha 31 cha katiba yetu kinalinda faragha, na kimetaja habari za familia ya mtu na mambo yake ya ndani. Sisi Waislamu twalijua jambo hilo kwa jina la sitara, na tuna Suratul Hujurat iliyokataza kupelelezana. Nafurahi kila sheria ya nchi inapokutana na tuliyofundishwa madrasa.

Nitawapa sasa mfano wa chombo kilichotengenezwa na watu walioifikiria sitara tangu mwanzo. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Nairobi na Kajiado kwa wagonjwa 538 walioanza dawa za ukimwi. Nusu yao walipelekewa ujumbe wa simu kila wiki. Ujumbe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya siku mbili ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu shida, au asiyejibu kabisa, muuguzi alimpigia. Basi. Miongoni mwa waliopelekewa, asilimia 62 walidumu na dawa zao kama inavyotakiwa, na asilimia 50 miongoni mwa wasiopelekewa. Mimi kilichonivutia zaidi ni lile neno. Simu ile ikishikwa na mume, na wifi, na mtoto, na fundi wa simu, hakuna atakaloliona. Ni salamu tu, kama salamu elfu nyingine. Hapakuandikwa ukimwi, wala dawa, wala kliniki.

Linganisheni na yanayotokea sasa. Nyumba nyingi zina simu moja ya maana, nayo ni ya baba. Mama huandikishwa kwa nambari ya mumewe, na ule ujumbe wenye tarakimu za kuthibitisha huingia kwa mumewe aliye kazini bandarini, hali mama amesimama dirishani hospitalini anangojea. Hilo ni usumbufu tu. Lakini ujumbe unaotaja jina la kliniki au la dawa ni zaidi ya usumbufu. Mama akiwa na laini yake mwenyewe, hata katika kisimu kidogo cha tochi, ataje hiyo wakati wa kuandikishwa. Na waume, nawaomba, mwacheni awe nayo. Si kila siri ya mwanamke ni khiyana. Yuko aliyeharibikiwa na mimba ya wiki nane ambaye hajataka mkwewe ajue, na hajakosea. Mama kama huyo amwambie mhudumu faraghani chumbani, si barazani penye kahawa, na amwambie waziwazi: jambo hili watu wa nyumba hii hawalijui. Mhudumu aliyefunzwa huelewa.

Nimesema aliyefunzwa. Huyu jirani hakuapa kiapo cha udaktari, alipewa mafunzo na simu. Ni mtu wetu. Tunakutana naye harusini na matangani, na hapo ndipo ulipo mtihani wake. Najua mtaa mmoja, sitautaja, ambapo mhudumu alikaa ukumbini akasimulia nani kakataa kupimwa. Baada ya wiki mbili kila nyumba ilikuwa na jibu moja: sisi hatuumwi. Simu yake ikajaa watu wazima wa afya. Takwimu za namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa takwimu, kwa sababu daktari wa kaunti atazisoma na kupeleka dawa kwingine. Nyinyi wahudumu mnaosoma ukurasa huu, na najua mpo, mlichoambiwa ni amana. Ifungeni simu kwa namba ya siri, msiwape watoto wacheze nayo, na msipige picha ya kadi ya mtu kwa WhatsApp yenu "ili nisisahau".

Sasa tujitazame na sisi, kwani ni rahisi kuilaumu serikali na mashine. Nani aliyetangaza ugonjwa wa fulani msikitini kwa kipaza sauti, kwa jina la baba yake na babu yake, eti tumwombee dua? Dua yafaa kwa kusema "ndugu yetu mgonjwa", Mola anamjua. Nani anayesambaza katika vikundi vya WhatsApp picha ya mgonjwa yuko kitandani, nywele wazi, mipira puani, na chini yake karatasi ya maabara yenye kila kitu, ili tuchange? Nimeona karatasi ya namna hiyo ya mwanamke ninayemfahamu, na walioipeleka walikuwa jamaa zake wa damu. Mchango ulipatikana. Karatasi bado inazunguka. Kamati za misikiti zinaweza kulitatua jambo hili kwa kuteua watu wawili waaminifu, mwanamume na mwanamke, wayaone makaratasi na wathibitishe haja, kisha watangaze kiasi kinachotakiwa na nambari ya kulipia, basi.

Kuhusu haki zenu mbele ya sheria, tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na afisi ya kamishna anayeisimamia. Sheria hiyo imeziweka habari za afya katika daraja la habari nyeti. Una haki ya kuambiwa habari zako zitatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, haki ya kutaka kosa lisahihishwe, na haki ya kulalamika kwa kamishna. Za mtoto, mzazi au mlezi ndiye mwenye kuridhia. Swali la kumuuliza anayepiga hodi ni jepesi: umetumwa na nani, na yanakwenda wapi? Wa wizara anajulikana, ana msimamizi katika kituo chenu cha afya, na waweza kwenda kuuliza. Akija mtu mwingine na simu yake, akasema ni wa shirika au wa utafiti, akitaka alama za vidole au picha ya jicho au ya kitambulisho, na hana barua wala hajulikani kituoni, chai mpeni na majibu msimpe. Na hakuna mhudumu wa afya anayehitaji namba yenu ya siri ya M-Pesa. Hakuna.

Mzee wangu aliuliza pia kama habari hizi hupelekwa ng'ambo. Swali lake si la kijinga. Desemba 2025 serikali yetu ilitia saini mkataba wa afya na Marekani, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu inayohusu kupeleka habari za afya za wananchi nje. Walikuwapo waliokwenda mahakamani kuupinga. Basi anayetaka kupinga apinge huko, kwa hoja. Kumfungia mlango mama wa posho ya 5,000 hakumzuii yeyote Washington.

Lipo jambo jingine dogo, nalo huwasumbua wengi. Mashine haijui kwamba Fatma, Fatuma na Fatima waweza kuwa mtu mmoja. Haijui kwamba Mwanakhamisi wa kliniki ndiye Mwanahamisi wa kitambulisho. Mama huandikishwa hapa kwa jina la baba na pale kwa jina la mume, akawa wanawake wawili, na chanjo za mwanawe zikagawanyika katikati. Wazee wasiojua siku waliyozaliwa wameandikwa wote tarehe 1 Januari, hata mtaa mzima huonekana ulizaliwa usiku mmoja. Chagueni namna moja ya kuandika jina, ile iliyo katika kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na mwangalie kwenye skrini kabla mhudumu hajabonyeza kuhifadhi. Mwambieni awasomee. Halikatazwi.

Na kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, chenye kurasa za chanjo na za uzani, msikitupe kwa sababu mmeambiwa kila kitu kimo kwenye kompyuta. Umeme hukatika, mtandao hupotea, na mama akisafiri kwao Lamu au Tana River akajifungulia huko, mkunga wa zamu atataka kujua usiku ule ule damu yake ni ya kundi gani. Kitieni katika mfuko wa plastiki, kikae pamoja na vyeti vya watoto, mahali ambapo mtu mwingine wa nyumbani pia anapajua.

Wabillahi tawfiq.